Mume Hakucheka

Palikuwa na nchi, na kwa mujibu wa taarifa za serikali yake ingalipo, ambayo wananchi wake walikuwa na furaha kwa asilimia mia moja na nne. Hizo nne zilizozidi zilitokana na wageni waliokuwa wakipita njia, pamoja na marehemu kadhaa ambao habari zao zilichelewa kufika makao makuu. Furaha hiyo ilisimamiwa na Wizara ya Furaha, Bashasha na Mambo Yafananayo na Hayo, iliyokuwa na jengo la ghorofa tisa na lifti ya kupandia. Lifti ya kushukia ilikuwa katika mpango wa awamu ijayo.

Wizara hiyo, baada ya utafiti wa miaka sita, iligundua kwamba ndoa nyingi nchini zilivunjika kwa sababu ya upungufu wa vicheko. Njaa haikutajwa katika utafiti huo, kwa kuwa njaa ilikuwa chini ya wizara nyingine. Basi ikapitishwa sheria: hakuna binti atakayepewa kibali cha ndoa mpaka mzee wa ukoo wake ahudhurie sinema ya mapenzi ya kuchekesha katika Jumba la Sinema la Taifa, acheke vicheko saba mbele ya wakaguzi, na apewe Hati ya Kicheko. Sinema yenyewe ilikuwa moja tu, ili wananchi wasichanganyikiwe. Iliitwa *Chai Imemmwagikia Mchumba*.

Mzee Kitwana Mwinshehe alipokea barua yake ya wito siku ya Ijumaa, akaisoma akiwa amesimama wima, kwa kuwa aliamini kwamba barua ya serikali haisomwi kwa kukaa. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandika kwamba treni imefika ilhali ingali njiani, hata pale wakubwa walipompigia simu kumsihi aandike hivyo ili waziri afurahi. Suruali yake ilipigwa pasi hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda, nazo ndizo zilizokuwa nyingi.

Miezi kumi na minne kabla ya barua ile, mkewe, Bi Sikudhani, alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mzee Kitwana aliitazama saa yake, akaandika wakati ule pembeni mwa kalenda kama alivyozoea kuandika treni iondokapo, kisha akaenda kuwaita majirani. Hakulia. Alikingoja kilio kwa utaratibu, siku ya kwanza, ya tatu, ya arobaini, nacho hakikutokea. Mahali pake palikuja ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa, ila hii haikuwa na ile michomo ya sindano imjulishayo mtu kwamba damu inarudi.

Nyumbani alibaki na mjukuu wake, Zamoyoni, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyelelewa naye tangu utotoni, ambaye Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa aolewe na Mrisho, fundi wa baiskeli. Babu na mjukuu ni watani, kama ijulikanavyo na kila aliyelelewa vyema. Kwa hiyo Zamoyoni alimwita babu yake mume wangu, naye akamwita mke wangu, na utani huo ganzi haikuufikia, pengine kwa sababu ulikuwa umehamia ulimini na hauhitaji tena kupita moyoni.

"Mume wangu," alisema Zamoyoni siku ile, akiweka kikombe cha chai mezani, "mbona umeishika hiyo karatasi kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia?"

"Mke wangu, nimeitwa sinema."

"Umeitwa na nani? Huyo mwanamke namfahamu?"

"Nimeitwa na serikali."

"Ah. Huyo simuwezi."

Alipoisoma barua mwenyewe, utani ulimtoka. Akakaa.

"Babu," akasema, na neno hilo alilitumia pale tu mambo yalipokuwa mazito. "Harusi ni Jumamosi."

"Najua."

"Sinema ni Jumanne."

"Najua."

"Na wewe hujacheka tangu Bibi…"

"Hilo nalo nalijua."

Walifanya mazoezi siku tatu. Wizara ilikuwa imechapisha kijitabu kiitwacho *Mwongozo wa Kicheko kwa Wazee na Wajane*, naye Zamoyoni akamsomea kwa sauti. Kicheko cha kwanza, kiitwacho cha utangulizi, kilitaka meno yasiyopungua manane yaonekane. Mzee Kitwana alikuwa na sita. Kulikuwa na fomu ya meno, wakaijaza. Mrisho naye, kwa nia njema, alikuja alasiri akaanguka mlangoni kwa makusudi mara mbili, mara ya pili akiwa na ndoo kichwani. Mzee Kitwana akamtafutia dawa ya kidonda.

Si kwamba alikataa. Alikaa mbele ya kioo akafungua kinywa, akangoja. Ila hakuwa mtu wa kutangaza kilichokuwa hakijafika.

*

Jumba la Sinema la Taifa hapo awali lilikuwa ghala la korosho, na harufu yake ilikuwa ingali na uraia kamili. Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa wazee wa koo mbalimbali, kila mmoja na binti yake pembeni, na wakaguzi wa vicheko wamesimama kwenye njia za kupita wakiwa na tochi na madaftari. Afisa Bashasha wa Wilaya, Ndugu Pazi Mwakitalima, alipanda jukwaani kutoa nasaha.

"Ndugu wananchi," alisema, "kicheko si jambo la kuchekea!"

Watu wakapiga makofi.

"Ziko nchi, sitazitaja, ambazo watu wake hucheka wakati wowote wapendao, na kwa sababu yoyote ile. Mmoja anacheka huku, mwingine kule, hakuna mpangilio. Sasa jiulizeni: nchi kama hizo zinakwenda wapi? Sisi tumesema hapana. Sisi tutacheka pamoja, tutaacha pamoja, na tutakapoacha, tutakuwa tumeacha kweli!"

Makofi yakarudiwa, taa zikazimwa.

Sinema ilisimulia habari za kijana aliyesimama kwenye foleni na kikombe cha chai, akagongana na msichana mrembo, chai ikammwagikia. Msichana akakasirika. Kijana akaomba radhi, akateleza, akaangukia kapu la mayai. Baada ya hapo walichukiana kwa nusu saa, kisha wakapendana, kama iwavyo katika sinema za namna hiyo. Kamati ya uhariri ilikuwa imeondoa mvua, kwa sababu Idara ya Hali ya Hewa haikuwa imeitabiri. Wapenzi walipokaribiana nyuso, ilitokea picha ya bwawa la umeme kwa dakika moja na nusu, na baada ya bwawa wakaonekana wakiwa na mtoto wa darasa la pili.

Kila palipokuwa na jambo la kuchekesha, taa ndogo nyekundu iliwaka juu ya pazia. Hapo ukumbi mzima ulicheka. Taa ilipozimika, kicheko kilikatika mara moja, kama bomba lililofungwa, wala hakikubaki hata tone. Mzee aliyeketi kushoto kwa Mzee Kitwana alikuwa na mabinti wengi, na hii ilikuwa mara yake ya kumi na moja. Alikuwa amelala fofofo, na bado taa ilipowaka alicheka usingizini, kwa meno yote, kisha akaendelea kukoroma.

Mzee Kitwana aligeuka kuwatazama wenzake katika mwanga ule mwekundu. Akaona jambo lililomshangaza kidogo, kwa kadiri mtu aliyekufa ganzi awezavyo kushangaa: macho yao wote yalikuwa kama yake. Tofauti ilikuwa kwamba wao midomo yao ilikuwa imepata ajira.

Taa ikawaka mara ya tatu.

"Babu," Zamoyoni akanong'ona, akimbana mkono. "Sasa. Ameangukia mayai."

"Nimeyaona mayai."

"Basi cheka."

Akafungua kinywa, akasukuma pumzi kwa nia safi kabisa. Ilitoka sauti kama ya mlango wa behewa lililokaa miaka kwenye majani. Mkaguzi akaja mbio na tochi, akamulika meno sita, akatikisa kichwa, akaandika: *Kikohozi, kimoja.*

Kuelekea mwisho wa sinema palikuwa na kipande kisichowashiwa taa. Nyuma ya wapenzi, kwenye foleni, walisimama bibi na babu ambao hawakuwa na kazi yoyote katika hadithi. Walikuwa wamewekwa tu ili foleni iwe ndefu. Yule bibi alinyoosha mkono akamsawazishia mumewe ukosi wa shati, bila kumtazama, kama mtu afanyaye jambo alilolifanya mara elfu kumi. Mzee Kitwana aliwaona. Akajitazama ndani, kwa subira, kama alivyokuwa akiitazama reli mpaka pale inapokutana na mbingu. Hakuna kilichokuwa kinakuja.

Taa zilipowashwa, alikuwa na vikohozi vinne na kimya mara tatu.

*

"Mzee, umefeli," alisema Afisa Pazi ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia mzee kiti, akamwagizia maji. Karani wake aliketi pembeni na kalamu mkononi, na Zamoyoni kwenye benchi la ukutani.

"Nimeona," akajibu Mzee Kitwana.

"Vikohozi vinne haviwezi kuhesabiwa kuwa vicheko vinne."

"Sikuomba vihesabiwe hivyo."

"Unaruhusiwa kurudia mtihani baada ya miezi sita."

Zamoyoni, kule kwenye benchi, akaanza kulia bila sauti. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa, na mamake Mrisho alikuwa mgonjwa, na ilijulikana, bila kusemwa, kwamba miezi sita hakuwa nayo. Mzee Kitwana aligeuka akamtazama mjukuu wake. Alijua kwamba hapa ndipo mtu angepaswa kuhisi kitu. Mikono yake haikujua la kufanya, ila ulimi, uliokuwa na njia yake ya siku zote, ulikwenda wenyewe.

"Nyamaza, mke wangu. Mumeo nipo."

Kalamu ya karani ikasimama.

"Umemwitaje?" akauliza Afisa Pazi.

"Mke wangu."

"Na wewe, binti? Huyu ni nani wako?"

Zamoyoni alidhani kwamba afisa naye, maskini, ana moyo, na kwamba ameamua kuingia katika utani ili kumliwaza. Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Mume wangu huyo," akasema. "Meno hana, lakini makelele pia hana."

Afisa Pazi hakutabasamu. "Mzee, una leseni?"

"Leseni ya nini?"

"Ya utani."

Hapo ndipo Mzee Kitwana alipofahamishwa kwamba utani ulikuwa umetaifishwa tangu mwaka uliopita. Serikali ilikuwa imeona watu wakitaniana ovyo, shemeji kwa shemeji, kabila kwa kabila, babu kwa mjukuu, hata makaburini, ikaona si busara rasilimali kubwa kiasi hicho kuachwa mikononi mwa watu binafsi.

"Kifungu cha tisa," alisema Afisa Pazi, akikisoma kwa kichwa huku amefumba macho kwa heshima. "Kauli yoyote itakayotolewa bila leseni ya utani itahesabiwa kuwa ya kweli."

"Sheria hiyo ilitangazwa wapi?"

"Ilibandikwa ndani ya lifti. Sasa, mzee, umetamka mbele ya karani wa serikali kwamba huyu ni mke wako, naye amekiri. Karani, umeandika?"

"Kwa wino, mheshimiwa."

"Kwa hiyo Jumamosi hawezi kuolewa, kwa sababu ameshaolewa."

Mzee Kitwana alisema, polepole, kama mtu amsahihishaye mwanafunzi, "Bwana afisa, mimi sijamwoa mjukuu wangu. Hilo ni neno chafu, na usilirudie."

"Mzee, sikuulizi ulichofanya. Nazungumzia kilichoandikwa." Kisha Afisa Pazi akainamia meza, na uso wake ukajaa huruma ya kikazi. "Lakini hebu itazame neema ya serikali. Anayedaiwa kicheko ni babu. Hapa babu hayupo, yupo mume, na mume hadaiwi kicheko. Kwa hiyo hukufeli. Hukuwa na mtihani kabisa! Umejikohoza bure."

"Na kibali cha ndoa?"

"Mwache. Mwanamke aliyeachwa huolewa tena bila Hati. Wizara humhesabu kuwa ameshacheka vya kutosha."

"Na eda?" akauliza Mzee Kitwana, ambaye alifundishwa dini na mwalimu mkali.

"Tumeifupisha, kwa ajili ya kasi ya maendeleo. Inakwisha pale mwanamke anapovuka kizingiti cha nyumba ya mume wa kwanza kwenda kwa wa pili. Angalia tu, mzee. Ukimwita tena mke wangu kabla hajavuka, utakuwa umemrejea, na huyo kijana atakula pilau lake peke yake."

Fomu ya talaka ilikuwa na nakala tatu. Mzee Kitwana aliisoma yote, mbele na nyuma, huku karani akipiga miayo. Hakuwahi kuweka sahihi yake chini ya uongo. Aliwahi kukosa cheo kwa sababu ya treni moja ya mizigo iliyochelewa dakika ishirini, na hakujutia. Akamtazama Zamoyoni, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa na hakuomba kitu.

"Hapa panasema: sababu ya kuachana," akasema. "Sina sababu."

"Chagua mojawapo. Zimeandikwa."

Zilikuwa tatu. *Mke hakucheka. Mume hakucheka. Chai.*

Mzee Kitwana akaitafakari ile ya kati kwa muda mrefu.

"Hili ni kweli," akasema, akaweka alama, akatia sahihi kwa mwandiko wake ulionyooka. Afisa Pazi akagonga muhuri mara tatu, akasimama kumpa mkono.

"Hongera, mzee. Ni ya kwanza leo."

*

Asubuhi ya Jumatano Zamoyoni alileta kikombe cha chai. "Mu…" akasema, akakatisha. Akakiweka mezani.

"Chai," akasema.

"Ahsante," akajibu Mzee Kitwana.

Siku tatu zile nyumba ilikuwa na adabu kama ofisi. Walipeana chumvi kwa kusema tafadhali. Mzee Kitwana aligundua kwamba kimya kile nacho hakikumwuma, na hilo la kutoumwa ndilo alilolala nalo, akiligeuzageuza, bila kupata pa kulishikia.

Ikafika Jumamosi. Katika nchi ile, pamoja na sheria zake zote, ilibaki desturi moja ambayo Wizara haikuwa imeifikia. Bwana harusi ajapo kumchukua mkewe, babu wa binti husimama mlangoni, akaziba njia kwa mikono miwili, akauliza kwa ukali, "Mke wangu unampeleka wapi?" Hapo hutokea mabishano na matusi ya kupendeza mpaka babu akubali kushindwa. Binti asiyegombewa mlangoni, walisema wazee, huondoka kama mzigo usioandikwa jina la mtumaji, na huko aendako hupokewa hivyohivyo.

Afisa Pazi alialikwa, kwa kuwa afisa asipoalikwa huja. Aliketi barazani mstari wa mbele, sahani ya pilau mapajani, karani pembeni yake na Daftari la Vicheko. Mrisho alikuja na ndugu zake, amevaa kanzu iliyomzidi urefu, akapanda ngazi mbili, akasimama mbele ya Mzee Kitwana. Vigelegele vikalia, vikanyamaza. Kila mtu alingoja neno. Karani akaweka kijiko chini, akachukua kalamu.

Mzee Kitwana alikuwa ameinua mikono na kuziba mlango.

"Mzee, sema basi," akadakia shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi. "Mwenzio jasho linamtoka mpaka visiginoni!"

"Au amemchoka bibi harusi?" akasema mwingine. Watu wakaguna kwa furaha, kisha wakangoja tena.

Nyuma yake, ndani ya shela, Zamoyoni alinong'ona, "Babu, usiseme. Nakuomba." Akavuta pumzi. "Au sema. Sijui, Babu. Sijui."

Mzee Kitwana alimtazama Mrisho, akalitazama daftari. Akatafuta neno lililo kweli, kwa kuwa hakuwa na aina nyingine ya maneno. Akashusha mikono, akajinyoosha, akasema kwa sauti ileile aliyotangazia treni miaka thelathini na mmoja:

"Pita, bwana. Mimi na huyu tuliachana Jumanne. Nina hati."

Karani akagusisha kalamu daftarini, akasita. Kisha yule shangazi akapasuka, akaangukia bega la jirani yake, na jirani naye akaanguka. Kicheko kikatoka uani mpaka barabarani, kikubwa, chenye makovu na makohozi ndani yake, kikaisha, kikaanza tena pale mtu mmoja aliporudia, "Ana hati!" Mrisho alicheka mpaka akaikanyaga kanzu yake, akaanguka, na safari hii hakukusudia. Zamoyoni alimshika babu yake kwa nyuma, paji la uso mgongoni pake, akitetemeka, na haikujulikana kama anacheka au analia.

"Mheshimiwa," akauliza karani, "niandike kwamba ametania bila leseni?"

"Ametania nini? Ni kweli tupu. Muhuri ni wangu."

"Na hivi vicheko, niviandike namba ngapi?"

Afisa Pazi akalichukua daftari, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta safu ya vicheko visivyoamriwa. Haikuwapo.

Mzee Kitwana hakucheka. Alikisikia kicheko cha watu kama mtu asikiaye mvua ikinyesha mtaa wa pili. Alihisi mikono miwili mgongoni, akajua kwamba ni mikono, na kwamba ina joto. Baada ya muda akaona kwamba wote wanamtazama yeye, kwani mlango ulikuwa mwembamba, naye alikuwa angali amesimama katikati yake. Akasogea pembeni.